Huli Nguruwe? Hii Stori Bado Inakuhusu

Wasee, leo tunaongea nguruwe na kifafa. Najua kuna mtu hapo ameshasema "mimi hata pork sili, hii hainihusu" na kidole kiko tayari kupita. Ngoja kidogo.

Kati ya 1990 na 1991, huko New York, watu wanne wa jamii ya Wayahudi wa Kiothodoksi walijikuta mbele ya madaktari kwa sababu ya kuanguka kifafa. Hawakuwa wa nyumba moja. Walipochunguzwa vichwa, ubongo ulikuwa na uvimbe mdogo, na kilichokuwa mle ndani ni watoto wa tegu wa nguruwe. Tegu, ule mnyoo mrefu bapa. Wa nguruwe. Ndani ya kichwa cha mtu ambaye dini imemkataza nguruwe tangu siku ya kuzaliwa. Ili uelewe hiyo kitu ilifanyika aje, lazima turudi nyuma, halafu lazima nikueleze jambo ambalo mwalimu wa sayansi alikupitishia mbio mbio kwa sababu kengele ilikuwa karibu kulia.

Tegu huyu ana njia mbili za kuingia kwa binadamu, na watu huzichanganya. Njia ya kwanza: unakula nyama ya nguruwe ambayo haijaiva, na ndani yake kuna vifuko vidogo vyeupe, kila kimoja kimebeba mtoto wa tegu. Mtoto anafika tumboni, anajishikiza kwenye utumbo, anakua hadi mita kadhaa. Hapo una tegu. Ni aibu, lakini mara nyingi hausikii kitu, na unaweza kukaa naye miaka bila kujua. Njia ya pili ndiyo ya hatari. Yule mwenye tegu tumboni anatoa mayai yake chooni, maelfu kwa maelfu, na kama hakuna choo, basi kichakani. Nguruwe akila kinyesi hicho, mayai yanaanguliwa ndani yake na vifuko vinajaa kwenye nyama. Lakini mayai hayajui tofauti ya nguruwe na wewe. Ukiyameza kupitia mkono ambao haukuoshwa, maji, au mboga, mwili wako unachukua nafasi ya nguruwe. Watoto wa tegu wanapita kwenye damu na kwenda kujenga vifuko kwenye misuli, kwenye jicho, na kwenye ubongo.

Soma hiyo tena polepole. Nyama ya nguruwe inakupa tegu wa tumbo. Mnyoo wa kichwani unatoka kwa kinyesi cha binadamu mwenzako.

Ikifika kwenye ubongo madaktari wanaita nyurosistiserkosisi. Nimeliandika mara moja na sitaliandika tena. Kuna kitu kimoja cha ajabu kuhusu huo ugonjwa: mtoto wa tegu akiwa hai kichwani anaweza kutulia miaka mingi bila kelele, kwa sababu anajua kujificha na kinga ya mwili haimwoni vizuri. Shida kubwa mara nyingi huanza akianza kufa. Mwili unashtuka kumbe kuna mgeni, ubongo unavimba kumzunguka, na hapo mtu anaanguka. Baadaye kinabaki kidoa kigumu kama chokaa, na hicho nacho kinaweza kuendelea kuleta kifafa. Kwa hivyo ulichomeza ukiwa kidato cha kwanza kinaweza kukuangusha ukiwa kazini. Nani atakumbuka alikunywa maji gani miaka 7 iliyopita?

Kuhusu nyama, watu walijua zamani. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika juu ya nguruwe wenye vitu kama mvua ya mawe ndani ya nyama. Mpaka leo, sehemu nyingi duniani, wanunuzi wa nguruwe humfungua mdomo na kupapasa chini ya ulimi kutafuta vile vivimbe kabla ya kutoa pesa. Ila hakuna aliyejua vile vifuko ni nini hasa. Walioviona walidhani ni ugonjwa wa nguruwe peke yake. Kuhusu minyoo ya tumboni, kuna wasomi walioamini inajizaa yenyewe mwilini.

Aliyefunga hiyo hesabu ni daktari mmoja Mjerumani, Friedrich Küchenmeister, na namna alivyofanya ni ya kutisha. Mwaka wa 1855 kulikuwa na mfungwa aliyehukumiwa kifo. Küchenmeister akapanga vile vifuko vya nguruwe viwekwe kwenye chakula chake, supu na soseji, siku chache kabla auawe. Jamaa akala. Baada ya kuuawa, daktari akampasua na kukuta tegu wachanga wameanza kujishikiza kwenye utumbo. Miaka michache baadaye akarudia kwa mfungwa mwingine. Wenzake wengine walimlaumu, na hata mimi nikisoma hiyo sehemu nasikia vibaya. Lakini angalia ni mwili wa nani ulitumika. Jina la daktari liko vitabuni. Mfungwa anabaki kuwa "mfungwa".

Hiyo tabia ya nani anaandikwa na nani haandikwi inajirudia katika historia yote ya huu ugonjwa. Na hapo ndipo wanajeshi wanaingia.

Waingereza walikaa India na majeshi yao miaka mingi. Wanajeshi walirudi nyumbani, na baadhi yao, vijana waliokuwa wazima, walianza kuanguka kifafa. Hakuna mtu kwao mwenye kifafa. Hakuna aliyegonga kichwa. Wengine waliandikiwa kifafa cha kawaida na kuachishwa kazi, wengine wakaonekana wamerukwa na akili. Mapema miaka ya 1930, daktari wa jeshi aitwaye William MacArthur, kwenye hospitali ya jeshi ya Millbank, London, alianza kuwaangalia kwa makini. Wakati huo picha ya CT haikuwepo. Mashine ya kwanza ya aina hiyo ilimpiga mgonjwa picha mwaka wa 1971. Alichokuwa nacho ni eksirei na vidole. Alipapasa ngozi zao akipata vivimbe vidogo, akatoa kimoja na kukuta mtoto wa tegu. Kwenye eksirei za misuli, vile vidoa vya chokaa vilionekana kama punje za mchele zilizomwagika. Mwaka wa 1934 aliandika wazi kwamba kifafa cha hawa wanaume kimetoka kwa mnyoo.

Mwaka wa 1961 ilitoka ripoti ya wagonjwa 450 wa aina hiyo, wengi wao waliowahi kuwa jeshini huko India, waliofuatiliwa kwa miaka. Karibu wote walikuwa na kifafa. Wengi walianza kuugua ndani ya miaka 7 tangu walipodhaniwa kuambukizwa, lakini kuna wachache waliokaa hadi karibu miaka 30. Huo muda wote mdudu ametulia tu.

Sasa nikuulize. Hao wanajeshi walipata hayo mayai wapi? Kwa watu wa India, ambao walikuwa wanaishi na huo ugonjwa kabla jeshi halijafika na waliendelea nao jeshi lilipoondoka. Kifafa chao kiko kwa ripoti gani? Mwanajeshi alikuwa na faili. Tarehe aliyoingia India, tarehe aliyotoka, siku ya kwanza kuanguka, yote imeandikwa, na ndiyo maana daktari aliweza kuhesabu miaka. Na tofauti si ya kitabu tu. Kifafa ambacho inasemekana ulizaliwa nacho ni shida yako na mama yako. Kifafa ulichopatia kazini, serikali inakudaiwa.

Niseme kwa nini hii stori imenishika. Upande wa mama yangu ni Busia. Binamu yangu mmoja alianza kuanguka akiwa darasa la sita. Wa kwanza kusema kitu walisema amerogwa, na kama kawaida wakamtaja mtu wa upande wa baba. Halafu yakaja maombi ya kukesha. Halafu akatengewa sahani na kikombe, kwa sababu watu wanaamini lile povu linaambukiza. Shule yake, ambayo sitaitaja, ikaambia mama yake amkalishe nyumbani "mpaka apone". Siku moja alianguka jikoni karibu na mafiga, na mkono wa kushoto ukaingia kwenye moto. Hakuutoa, kwa sababu hakuwa anajua. Kovu lake linaanzia kwenye kiganja mpaka kiwiko. Hatimaye alipata dawa kwa kliniki na sasa anaanguka mara chache sana.

Sisemi alikuwa na tegu kichwani. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hata ningemaliza sikuwa nasomea udaktari. Kifafa kina sababu nyingi: malaria iliyopanda kichwani, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, ajali, mambo ya ukoo. Ninachosema ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumpiga picha ya kichwa, kwa hivyo hakuna anayejua. Ana faili moja tu, daftari la kliniki, na kwa sababu ya ugonjwa wameandika "kifafa". Basi.

Ule mkono ndio ulionifanya nisome hadi usiku wa manane kuhusu Waekari.

Ekari ni watu wa nyanda za juu za magharibi mwa kisiwa cha New Guinea, karibu na maziwa ya Paniai. Ni mbali na sisi kabisa, lakini ukisoma maisha yao unaona vitu unavijua. Nguruwe kwao ni kama ng'ombe kwa jamii nyingi za hapa: mahari, sherehe, heshima, benki. Pesa yao ya zamani ilikuwa kauri, zile simbi za baharini, na wao hata bahari hawaioni. Usiku huko juu kuna baridi kali, na watu walikuwa wanalala ndani ya nyumba wakizunguka moto. Walifuga nguruwe vizazi na vizazi, na tegu wa nguruwe hakuwepo kwao.

Waholanzi, waliokuwa wakoloni wao, waliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Indonesia ikachukua. Mwaka wa 1969 ikafanywa kura ya kuamua kama wanataka kubaki chini ya Indonesia. Watu karibu 1,000 tu waliochaguliwa ndio waliopiga hiyo kura kwa niaba ya kila mtu, wanajeshi wakiwa karibu, na matokeo yakawa "ndiyo" bila mmoja kukataa. Wapapua wengi hawakuikubali mpaka leo. Upande wa Paniai kulikuwa na maasi mwaka huo huo. Kulingana na watafiti waliofuatilia hii kesi, baadaye serikali ya Rais Suharto ilipeleka zawadi ya kutuliza watu: nguruwe, kutoka Bali. Na Bali ni mahali ambapo tegu wa nguruwe amekuwepo muda mrefu.

Nani anakataa nguruwe wa bure? Waliwapokea, wakawachanganya na wao, wakachinja, wakala kwenye karamu. Wengine wakapata tegu. Na kwa kuwa watu walikuwa wanajisaidia vichakani na karibu na mashamba, kama walivyofanya siku zote bila huyu tegu, mayai yakaingia kwa nguruwe wa kienyeji, kwa viazi, kwa mikono.

Halafu, miaka ya mwanzo ya 1970, hospitali ya Enarotali ikaanza kupokea watu walioungua. Sio malengelenge ya kumwagikiwa na maji moto. Miguu na mikono iliyoungua kina, kama ya mtu aliyelala ndani ya makaa bila kujivuta. Watu wazima. Wengine walikufa. Moto ulikuwa ule ule waliolala nao tangu enzi za mababu, na ghafla unawala. Ilipochunguzwa ikajulikana kwamba walikuwa wanapatwa na kifafa usiku, wanabingirikia kwenye moto, na mtu akiwa kwenye kifafa hasikii uchungu. Chini ya ngozi zao kulikuwa na vile vivimbe alivyopapasa MacArthur miaka 40 nyuma. Kufikia 1978 madaktari walikuwa wameshachapisha taarifa zenye neno "kuungua" kwenye kichwa, jambo ambalo hautarajii kwa makala ya minyoo.

Kuna Wapapua wanaoamini walipewa nguruwe wagonjwa makusudi. Ushahidi wa makusudi haupo, na mimi siendi huko. Lakini hauhitaji makusudi ndio uwe na hatia. Unapeleka zawadi kwa watu ambao umewanyang'anya kura, na hakuna ofisa hata mmoja aliyemfungua nguruwe mdomo akapapasa ulimi, kitu ambacho mnunuzi wa soko la kijijini anafanya bure.

Haya, turudi New York kama nilivyoahidi. Wale watu wanne walikuwa hawajala nguruwe na hawakuhitaji kula. Wachunguzi walienda nyumba kwa nyumba, wakapima familia na wafanyakazi wa ndani. Nyumba zile zilikuwa na wasichana wa kazi waliotoka nchi za Amerika ya Kusini na Kati, sehemu ambazo tegu wa nguruwe yupo, na mmoja akakutwa na tegu tumboni. Anapika, analisha watoto, mkono mmoja unakosa sabuni siku moja, basi. Na baadhi ya watu wa zile familia ambao hawakuwa wameanguka hata siku moja damu yao ilionyesha dalili za kuambukizwa.

Kuna namna mbaya ya kusimulia hiyo sehemu, kwamba "mfanyakazi aliwaletea ugonjwa". Nimeona ikisimuliwa hivyo, na hapa kwetu tungeisimulia hivyo hivyo kuhusu dada wa kazi. Yule mfanyakazi alikuwa na tegu tumboni bila kujua, na mwenye tegu tumboni ndiye aliye karibu zaidi na mayai yake mwenyewe. Kichwa kilicho hatarini kuliko vyote kwenye ile nyumba kilikuwa chake. Ilibidi waajiri waanguke ndio apimwe.

Kwetu Kenya, nguruwe wa Nairobi anayefika kwa sahani yako mara nyingi amefugwa ndani ya banda na nyama imekaguliwa. Magharibi mwa Kenya, familia nyingi zina nguruwe mmoja au wawili wanaojitafutia. Watafiti waliwahi kuwafunga nguruwe 10 huko Busia vifaa vya GPS shingoni kuona wanaenda wapi. Kwa saa 12 nguruwe mmoja alitembea, kwa wastani, zaidi ya kilomita 4, na karibu nusu ya muda alikuwa nje ya boma la mwenye nguruwe. Kwa hivyo hata ukichimba choo kizuri, nguruwe wako anaweza kula kwa jirani asiyekuwa nacho. Nilicheka kwanza nikisoma hiyo, nikafikiria nguruwe amevaa kola anazurura Funyula kama mheshimiwa. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu tunajua mwendo wa nguruwe 10 mita kwa mita, na binamu yangu hatujui kitu kilicho ndani ya kichwa chake.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo mengi ambapo tegu huyu yupo na nguruwe wanaranda na watu, karibu asilimia 30 ya kifafa inahusiana naye. Hicho ni kifafa ambacho kingezuiwa na choo, sabuni, nyama iliyoiva, na kuchanja nguruwe, maana chanjo ya nguruwe ipo. Dawa za binadamu pia zipo. Lakini tafadhali usikimbie dukani kununua za minyoo eti unaosha kichwa. Kama kweli kuna vifuko kwenye ubongo, kuviua vyote kwa pamoja bila daktari kunaweza kuuvimbisha ubongo na kukuletea kile kifafa unachokikimbia. Anza na picha. Najua bei ya picha, na najua kwa mtu wa kijijini ni safari pia.

Na mtu akianguka mbele yako, iwe kwa matatu au jikoni kwa nyanya: mtoe karibu na moto, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, usimwekee kijiko mdomoni, usimnusishe kiatu. Angalia saa. Zikipita dakika 5, mpeleke hospitali. Unaweza kumshika. Lile povu ni mate tu.